Ndege nyuki wakati wa masika: nini huziangusha, na hasara hubaki kwa nani

Asubuhi moja ya masika mzee mmoja alipiga simu katika kipindi chetu cha wakulima. Hakuuliza bei ya mpunga wala mbegu. Alisema amelipa fedha ili shamba lake linyunyiziwe dawa ya wadudu kwa ndege nyuki, hizi ambazo wengine tunaziita droni. Vijana wa kunyunyizia walifika saa tisa alasiri, wingu likiwa limeshatanda upande wa milimani. Wakarusha, wakamaliza, wakafunga vifaa vyao wakaondoka. Haikupita nusu saa mvua ikashuka.

"Sasa mwanangu," akaniuliza hewani, "ile dawa iko shambani au iko mtoni? Na fedha yangu je?"

Sikuwa na jibu la kumpa palepale. Baada ya kipindi niliwapigia waliofanya kazi ile. Msemaji wao alinijibu kwa upole kabisa kwamba mvua ni kazi ya Mungu. Ni kweli, lakini mvua ile ilionekana inakuja, na aliyebonyeza kitufe cha kurusha ni mtu. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza marubani wa ndege nyuki, mafundi na maafisa ugani: mashine hizi zinaweza nini na haziwezi nini mvua inapokuwa karibu? Nimeandika hapa kwa kirefu kidogo kwa sababu dakika tano za redio hazikutosha.

Mashine ile ile, majina mawili

Tuanze na jambo moja linalochanganya watu. Ndege nyuki si aina moja.

Kuna zile ndogo za kupiga picha, unazoziona harusini na kwenye mikutano ya kampeni. Nyingi hazifikii kilo moja. Hizi hazijatengenezwa kwa maji hata kidogo. Kitabu cha maelekezo kinachokuja nazo kinasema wazi usirushe kwenye mvua, ukungu wala theluji, ila vitabu hivyo husomwa na wachache, na nyingi huingia mikononi mwa mtu wa tatu au wa nne bila kitabu chochote.

Halafu kuna kubwa za kazi: za kupima ardhi, za kukagua nyaya za umeme, za kunyunyizia mashamba. Hizi huja na alama ya herufi mbili, IP, ikifuatiwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza inaeleza vumbi, ya pili inaeleza maji. Ukiona IP55, ile tano ya mwisho ina maana kwamba mashine ilipojaribiwa kiwandani ilimwagiwa maji kwa mpira kutoka kila upande na haikuharibika. Mashine za kunyunyizia za DJI aina ya Agras, ambazo zimeenea sana duniani, sehemu zake muhimu zimezibwa kiasi kwamba unaweza kuziosha dawa kwa maji baada ya kazi.

Hapo ndipo kijana anaposema, "Hii haiogopi maji, bwana." Ni kweli nusu. Alama ile inaeleza mashine mpya, iliyofungwa vizuri, siku ilipojaribiwa. Mipira ya kuzibia hukauka na jua. Skrubu hulegea. Ikianguka mara moja na kufunguliwa na fundi wa mjini, ule uzibaji haurudi kama ulivyokuwa. Na hata kwa mashine zenye alama hizo, mtengenezaji huweka mipaka ya mvua, na uharibifu wa maji mara nyingi haumo kwenye waranti.

Maji yanavyoua taratibu

Watu wengi hudhani ndege nyuki ikilowa inazima pale pale. Mara nyingi haizimi, na kwa maoni yangu hilo ni baya zaidi.

Mota zenyewe huvumilia maji. Zinazoumia ni zile kadi ndogo za umeme zinazoamua kila mota izunguke kwa kasi gani. Tone likiingia humo linaweza kupiga shoti mara moja, na mota moja ikisimama kwenye mashine ya mota nne, basi. Haina mbawa za kuiwezesha kuelea hadi chini kama ndege ya kawaida. Inapinduka na kudondoka. Mashine za mota sita au nane zinaweza kuvumilia mota moja kufa, lakini harusini hatuoni za aina hiyo.

Ama tone halipigi shoti. Mwenyewe anaifuta, anaiweka juani, inaruka vizuri, anafurahi. Ndani kutu imeanza kula maungio. Wiki mbili baadaye, siku ya jua kali, hakuna wingu hata moja, mashine inaanguka na watu wanasema imelogwa. Kuitia kwenye gunia la mchele, kama watu wanavyofanya na simu, hakuondoi kutu wala chumvi iliyobaki kwenye kadi. Mchele nao uulie kwenye sufuria tu.

Kuna kihisi kingine ambacho hakizungumzwi. Ndege nyuki hujua iko juu kiasi gani kwa kupima mgandamizo wa hewa kupitia tundu dogo. Maji yakiziba tundu hilo, mashine inaweza kudhani iko mita thelathini wakati iko kumi. Vihisi vya chini navyo, vinavyotazama ardhi kama macho, huchanganywa na maji. Vinatafuta mabaka na mistari ya ardhi ili mashine itulie mahali pamoja. Juu ya jaruba lililojaa maji, au juu ya mafuriko, havioni ardhi bali mawingu yanayoakisiwa, tena yanatembea. Ndiyo maana watengenezaji huonya kuhusu kuruka chini chini juu ya maji. Kwa watu wa bonde la mpunga onyo hilo linahusu karibu nchi yetu yote.

Upepo unatangulia

Niliowauliza wote walirudia jambo moja: mvua yenyewe huangusha chache. Kinachoangusha nyingi ni upepo unaoitangulia.

Kila mkulima anaufahamu upepo ule. Joto limekaa, hewa imetulia, halafu ghafla baridi inavuma, vumbi linainuka, migomba inalala upande mmoja. Ni hewa baridi inayomwagika kutoka kwenye wingu la radi na kusambaa chini kabla tone la kwanza halijafika. Unaweza kuvuma kilomita kadhaa mbele ya mvua, na huko juu ya miti una nguvu kuliko hapa tuliposimama.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Chukua ndege nyuki yenye uwezo wa kwenda mita 15 kwa sekunde. Upepo ukivuma mita 10 kwa sekunde kuelekea mbele, mashine inakwenda mita 25 kila sekunde. Kwa dakika moja imefika kilomita moja na nusu, na mwenye rimoti anaona raha, leo mashine ina mbio. Ikigeuka kurudi inapingana na upepo huohuo. Zinabaki mita 5 kwa sekunde. Safari ile ya dakika moja inakuwa ya dakika tano, betri ikiunguzwa kwa nguvu zote. Kama aligeuza betri ikiwa imebaki kidogo, itashuka yenyewe popote ilipo, iwe juu ya bati la shule au katikati ya mto.

Mashine ndogo nyingi za picha zimewekewa kikomo cha upepo wa mita 10 hadi 12 kwa sekunde. Utabiri kwenye simu hutumia kilomita kwa saa, kwa hiyo zidisha kwa 3.6: mita 10 kwa sekunde ni kilomita 36 kwa saa. Zile kubwa za kunyunyizia, pamoja na misuli yake yote, kikomo chake huwa chini zaidi, nyingi mita 6 hadi 8 kwa sekunde, yaani kati ya kilomita 21 na 29 kwa saa. Wengi hawalitarajii hilo. Mashine unayoweza kuiosha kwa mpira wa maji ndiyo inayopaswa kushuka mapema upepo ukianza.

Uzito nao ni jambo la kufikiria. Agras T40, yenye tangi la lita 40, ikijazwa inafika kilo 90. Huo ni uzito wa gunia la mahindi, likiwa na mapangaboi yanayozunguka na dawa ndani, juu ya vichwa vya watu waliokuja kushangaa. Watoto wa shule hupenda sana kushangaa. Nimeona mwenyewe, na nilikuwa miongoni mwa washangaaji.

Radi ni habari ya mtu zaidi kuliko mashine. Rubani amesimama peke yake katikati ya shamba tambarare, miguu kwenye maji, hakuna mti wala nyumba karibu. Ukisikia ngurumo, wingu hilo liko karibu vya kutosha kukupiga. Shusha, ondoka shambani, na usirudi hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Akikuambia kuna mteja mwingine anasubiri, mwambie asubiri.

Dawa ya mzee ilikwenda wapi

Nirudi kwenye swali la hewani. Jibu linategemea dawa. Kuna dawa zinazoingia ndani ya mmea na kusafiri nao, na kuna zinazokaa juu ya jani zikimsubiri mdudu aguse. Zote zinahitaji muda wa kukauka kabla ya mvua. Muda huo huandikwa kwenye kibandiko cha chupa, na hutofautiana: nyingine saa moja, nyingine saa nyingi. Ikinyesha kabla ya hapo, sehemu kubwa huoshwa na kuingia kwenye jaruba, kutoka jaruba hadi mfereji, kutoka mfereji hadi mto. Bonde letu la Kilombero ndilo linaloupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Njiani kuna watu wanaovua, wanaooga na wanaochota.

Kwa ndege nyuki kuna la ziada. Anayebeba bomba mgongoni huchanganya dawa na maji mengi na kujaza bomba mara kadhaa kwa ekari moja. Ndege nyuki hutumia maji machache sana kwa eneo hilohilo, kwa hiyo kila tone ni kali zaidi, na ni dogo zaidi. Hiyo ndiyo sifa yake, maana inaokoa maji, muda na migongo yetu. Lakini upepo ule wa kabla ya mvua ukilikuta tone hilo hewani, unalipeleka kwa jirani mwenye mboga, kwenye kisima, au kwa mama anayepalilia shamba la pili na mtoto mgongoni. Kwa sababu hiyo upepo wa kunyunyizia unatakiwa uwe mdogo kuliko ule ambao mashine yenyewe inaweza kuumudu. Mashine kubaki angani si kipimo cha kazi iliyofanyika vizuri.

Kibandiko kinachotambulika ni cha dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Chupa isiyo na kibandiko, au iliyopimwa kwenye chupa ya soda, haikuambii chochote kuhusu mvua.

Kabla ya kulipa, kubalianeni mambo mawili mbele ya shahidi, na yaandikwe hata kwenye ujumbe wa simu: nani ana uamuzi wa kuahirisha, na mvua ikiosha dawa ndani ya muda ulioandikwa kwenye chupa, nani anarudia kazi kwa gharama yake. Vijana waaminifu hawakatai. Niliowauliza wawili walisema wao hupenda kuanza alfajiri kunapopambazuka, upepo ukiwa umelala, na kufunga kazi kabla mawingu ya mchana hayajapanda. Waliniongezea kwamba mpunga ukiwa bado umelowa umande mzito ni heri kungoja kidogo, maana dawa huteleza pamoja na umande.

Mafuriko yanapokuja

Aprili 2024 maji yaliingia Rufiji na Kibiti yakafunika vijiji na mashamba. Tarehe 25 mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Nakumbuka wasikilizaji wakiuliza: mbona hawapeleki ndege nyuki zikatafute watu?

Swali ni la haki, na jibu linauma. Saa ambayo watu wanazihitaji zaidi ndiyo saa ambayo haziwezi kuruka. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, taasisi ya maafa ya nchi ile ilikuwa na marubani wa ndege nyuki waliofunzwa kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Walisaidia sana kupima uharibifu na kuonyesha nyumba zilizobomoka, upepo ulipokwisha. Kamera ya joto nayo si miujiza: haioni mtu aliye chini ya maji, na majani yaliyolowa humficha aliye chini ya mti.

Kuna hatari nyingine wakati wa mafuriko, na hii inatoka kwetu wananchi na sisi wanahabari. Kijana anarusha ndege nyuki yake apate picha za kusambaza mtandaoni. Helikopta ya uokoaji inakuja chini, rubani wake haoni kitu chenye ukubwa wa kunguru mbele yake. Kikigonga rafadha ya helikopta, waokoaji wanageuka waathirika. Penye uokoaji, ndege nyuki ya kijana ibaki kwenye begi, hata kama ni ya kituo cha redio.

Kazi kubwa ya ndege nyuki kwa mafuriko iko wakati wa kiangazi. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulitumia ndege nyuki pamoja na wanafunzi na wenyeji waliotembea mtaa kwa mtaa kuchora mifereji, nyumba na mahali maji yanapotuama. Zanzibar ilipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa njia hiyohiyo kuanzia 2016. Ramani kama hizo zikiwepo kabla, mvua ikishuka viongozi wa kata wanajua kaya zipi zihame kwanza, bila kurusha chochote. Nikisikia halmashauri inataka ndege nyuki kwa ajili ya maafa, swali langu la kwanza ni itarushwa mwezi gani.

Mbona Rwanda zinaruka?

Hili nalo huulizwa kila mara. Rwanda, kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege nyuki tangu Oktoba 2016, kwanza kutoka Muhanga, na Rwanda ina mvua na milima kuliko sisi. Siri yake iko kwenye umbo. Zile zina mbawa kama ndege ya kawaida, zinakwenda takriban kilomita 100 kwa saa, na zilibuniwa tangu mwanzo ziruke kwenye mvua na upepo. Hazitui hospitalini, bali hudondosha boksi kwa parachuti ndogo na kurudi kituoni. Ndege yenyewe ina parachuti yake ya dharura ikishindwa kuendelea. Nyuma yake kuna watu wanaotazama hali ya hewa na kuamua iende au isiende.

Na sisi tumeshajaribu. Mwaka 2018 ndege nyuki ya Wingcopter ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe kwa majaribio ya miezi sita, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa wastani wa dakika 40. Kwa hiyo usimsikilize anayesema teknolojia hii haiwezekani huku, wala usimsikilize anayelinganisha mashine ile na hii ya kukodi harusini.

Ikianguka karibu nawe

Usikimbilie kuiokota. Mapangaboi yanaweza kuanza kuzunguka tena. Ikiwa ni ya kunyunyizia, ina dawa. Mtoto asiguse wala mfugo usinywe maji ya hapo. Betri ndiyo ya kuogopwa zaidi. Betri hizi za lithiamu zikiingia maji au zikibonyea zinaweza kutulia kwa saa kadhaa kisha zikawaka moto. Isiingizwe ndani ya nyumba, isifungiwe stoo penye mbegu na petroli, isichajiwe kujaribu kama ni nzima. Iwekwe nje, mbali na nyasi na kuta. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi, na piga picha ya namba iliyoandikwa kwenye mashine.

Namba hiyo ina maana. Ndege nyuki nchini husajiliwa na kuruhusiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, chini ya kanuni za mwaka 2018, na rubani anapaswa kuiona mashine yake muda wote inaporuka. Kwenye ukungu wa Uluguru, au mvua nzito inapoziba upeo wa macho, haioni. Una haki ya kumwomba aliyekuja kunyunyizia akuonyeshe kibali na bima kabla hajapakua vifaa.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa husomwa hapa redioni. Tukisema "angalizo", ambalo kwenye ramani yao ni rangi ya njano, mpigie anayekuja kesho umuulize kama amelisikia. Tukisema "tahadhari" au "tahadhari kubwa", usimngoje akupigie, ahirisha wewe.

Yule mzee alipiga simu tena baada ya wiki tatu. Fedha hajarudishiwa. Alinyunyizia upya kwa bomba la mgongoni, yeye na wanawe wawili, siku mbili kamili. Nilimuuliza kama ataita ndege nyuki tena. Akacheka. Alisema ataita, mgongo wake haumudu tena bomba, ila safari ijayo watakuja asubuhi, na fedha atatoa kesho yake, akishaona kama usiku kumenyesha.